Lowri Beynon na Kwaya Iliyokuwa Ikishuka

Juu ya kaburi la Lowri Beynon wameandika kwamba alilifundisha bonde zima kuimba. Mimi ni wa bonde hili, na Lowri hakunifundisha kitu. Kama ni kuandika, waandike yote.

Tulizaliwa mtaa mmoja, baba zetu wakichimba makaa shimo moja. Mwaka 1904, tukiwa na miaka kumi na minne, shule ilitaka msichana wa kujifunza ualimu, na awe anajua kuimbisha. Mkaguzi akatupa karatasi ya do-re-mi. Lowri akaanza, akaimba kama anayesoma orodha ya duka. Nikafuata mimi, nikaimba wimbo ule ule mpaka mkaguzi akavua miwani. Akanipa karatasi ya pili. Nikaimba wimbo wa kwanza tena, kwa madaha zaidi! Nilikuwa nimeushika kwa sikio. Karatasi kwangu ilikuwa karatasi tu. Walicheka mpaka bawabu.

Lowri akapata kazi. Mimi nikapata ndoo na brashi, shule hiyo hiyo.

Haki yake simnyimi. Watoto waliokuja na makamasi tu aliwatoa sauti. Alitundika ukutani ule ubao wa ngazi ya sauti, anaonyesha kwa fimbo, do, so, mi, na watoto sitini wanafuata. Watu wakamwita Mwalimu hata dukani. Mimi nilikuwa Marged wa ndoo. Kila nikisikia "Mwalimu" ilikuwa kama nimemeza kaa la moto.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa; Lowri akaanza kupeleka kwaya mashindanoni, ila kwaya yake ikawa inashuka sauti. Hapa Welisi, kwenye mashindano, watoto huimba bila kinanda, na wakimaliza mwamuzi hugonga chuma chake chenye meno mawili kinachotoa ile sauti ya kuanzia, asikie kama wamebaki pale walipoanzia. Mwaka wa kwanza walishuka. Wa pili walishuka. Mimi sababu niliijua: wakirudi kutoka juu, ile sauti ya mi walikuwa wanaikanyaga badala ya kuiinua. Lowri macho yake yako ubaoni, hasikii. Niliinama nikasugua, roho yangu imetulia kabisa.

Mwaka wa tatu, wiki moja kabla ya mashindano, binti yangu Nest, wa miaka tisa, akarudi analia.

"Mwalimu kanitoa kwenye kwaya, Mama. Anasema ndiye mimi ninayewaharibia."

Nikaenda na aproni yangu mpaka darasani, kwaya ikiwa mazoezini.

"Lowri, mwanangu ana kosa gani?"

"Sauti yake haipatani na za wenzake, Marged. Yuko peke yake."

"Yuko peke yake kwa sababu ndiye aliye pale panapotakiwa! Hao wengine ndio waliopotea, na wewe mbele yao na fimbo kama mchunga bata."

"Nani kakwambia?"

"Masikio. Au nayo yanataka cheti?"

Watoto wakacheka. Lowri akawa mwekundu, kisha akaketi kwenye dawati la mtoto, akaweka fimbo chini. "Haya. Nionyeshe."

Nikamweka Nest mbele. Nikawaambia, "Mi iinueni kama mnavyoinua gauni kuvuka dimbwi." Wiki nzima tukavuka dimbwi.

Siku ya mashindano mwamuzi aligonga chuma chake, na sauti ikawa ile ile. Kofia zilirushwa ukumbi mzima. Kesho yake Lowri akaja mlangoni kwangu na mkate wa zabibu.

"Jumapili nitasimama kanisani niwaambie ni wewe."

"Usithubutu. Sitaki sifa iliyopitia mikononi mwako kwanza."

"Basi njoo kila Jumanne, ukae nami, usikilize."

"Kama nani?"

"Kama Marged."

Nikafunga mlango. Mkate nilibaki nao.

Kanisani hakusema neno. Alinitii, na hilo pia sijamsamehe. Mwaka uliofuata halmashauri ilimpa kusimamia uimbaji wa shule zote za wilaya, akapanda treni na kofia mpya. Mwalimu aliyechukua nafasi yake shuleni alikuwa na vyeti viwili. Kwaya yake ilishuka mwaka wa kwanza, ikashuka wa pili. Hakuja kuniuliza, nami sikumwambia.