Calgary hadi Dar ni saa ngapi hewani? Usiku mmoja wa mume wangu uligoma kuingia kwenye hesabu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasulu. Haya yamenikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Mume wangu yuko Canada, mwaka wa sita sasa. Alikulia kambi ya wakimbizi huku kwetu, akachukuliwa pamoja na wazazi wake kwenda kuishi kule. Mimi ni Mha wa Murungu, Kibondo. Sikuwemo kwenye faili lao la kuhamishwa, nikabaki na binti yetu Neema.

Juzi kati akasema anakuja. Anaondoka Calgary Jumatano mchana, Kasulu anafika Jumamosi jioni.

Nikashtuka. Ndege gani hiyo inayotambaa?

Nikaingia Google. Calgary hadi Dar ni kilometa elfu kumi na nne na ushei, kama saa kumi na saba hewani. Nikajua tu, huyu ana mtu Dar.

Niwape faida kidogo hapa. Hizo saa ni za ndege inayonyoosha bila kutua, na hiyo ndege haipo. Unabadilisha Ulaya, unasota airport, halafu saa za huku ziko mbele sana.

Basi nikaongeza vyote, nisimwonee. Dar anaingia Alhamisi usiku. Ijumaa anapanda ya Kigoma, jioni yuko kwangu anakula.

Sasa Jumamosi inatoka wapi?

Nikampigia. "Baba Neema, mbona kuna siku inazidi?"

"Connection mbaya, mama Neema. Usihesabu sana."

Aliposema hivyo ndiyo nikazidi kuhesabu.

Jumamosi kweli akafika, lakini gari lilitokea upande wa Kibondo. Anayetoka Kigoma hatokei huko. Nikampokea begi. Nisiwe mnafiki, nilifurahi kumwona hadi nikalia.

Akaingia kuoga. Simu ikaita, mdogo wangu wa Murungu, anaishi na wazazi.

"Dada, shemeji amefika salama? Jana kalala huku. Kamletea baba pombe ya mtama."

Nikakata simu. Kwetu, mkwe akipeleka pombe kwa baba wa mkewe peke yake, kimya kimya, ana neno zito. Baba akiipokea, maana yake kakubali neno hilo liishe kwa amani.

Alipotoka bafuni nikamuuliza, "Ulipeleka neno gani kwa baba?"

Akakaa kitandani na taulo lake.

"Nimeoa kule. Tuna mtoto. Nilitaka mzee asikie kwanza, ndivyo mila yenu ilivyo."

"Pombe kaipokea?"

"Ego, kaipokea."

Wakuu, mimi nilikuwa nawinda mwanamke wa Dar. Ijumaa ile nilikuwa napiga pasi mashuka ya kumpokea, na baba yangu anakunywa naye.

Nilichojifunza: mtu wako akikupa ratiba ya ndege, piga hesabu pamoja na saa za kusubiri. Ikizidi siku, usiwe na haraka ya kutafuta nani kaichukua hiyo siku. Unaweza kukuta ni mtu wako wa damu.

Anarudi Canada wiki ijayo, anataka jibu langu, kama nabaki kuwa mke wake. Baba hajapiga simu mpaka leo.

Nishaurini. Mume wangu mnaweza kumsema mtakavyo. Baba yangu mniachie, kesho napanda gari la Kibondo nikamuulize mwenyewe.