Niliposema Neno Penye Mikorosho

Mie ni mpima maji, na ofisini kwetu Mikocheni mzaliwa wa Kimbiji nilikuwa peke yangu. Kwa hiyo vipimo vilipoonyesha kisima kirefu kichimbwe palepale penye mzimu wa ukoo wetu, mahali tunapozungumza na wafu wetu, bosi alinigeukia. "Wewe ni wa huko, kaongee nao." Nikaenda, kichwa juu.

Mtunzaji wa mzimu ni shangazi yangu. Nilidhani ataniwakia. Wapi! Alicheka. "Msomi wetu kaja na ramani! Haya, maji na sie tunayataka. Mzimu unahamishika, ila ahamishe mtoto wa ukoo." Ndugu wengine walishatawanyika, nikabaki mie.

Udongo wa pale hufungwa kwenye kitambaa cheupe, ukabebwa hadi mahali papya, shangazi akitangulia na chetezo cha ubani. Mbebaji hasemi neno. Akisema, wafu wetu wanabakia hapohapo aliposemea. Shangazi alinionya mara tatu. Mwanawe wa pekee alishafariki, na mzimuni ndiko shangazi alikokuwa akienda kuzungumza naye kila Ijumaa.

Siku ya kuhamisha nikabeba mie. Tulifika kwenye mikorosho, nusu ya njia, simu ikaita. Bosi. Mazoea mabaya, jamani! Nikapokea. "Ndiyo, bosi. Wameshakubali."

Shangazi alisimama. Hakunigombeza, laiti angenitukana! Alikichukua kile kitambaa, akaumwaga udongo palepale njiani, akarudi kwake.

Kisima kilichimbwa. Maji ni matamu, foleni ya ndoo haiishi, na maji siyajutii, nisiwe mnafiki. Ila njia ile imepanuliwa ili malori yapite. Kila Ijumaa shangazi hutandika mkeka pembeni ya barabara, vumbi likamfunika, akamsalimia mwanawe. Lori likipita hunyamaza, kisha huanza upya.

Mie hurudi chumbani kwangu jioni, naongea na redio. Nikashindwa kuvumilia, Ijumaa moja nikamfuata.

"Shikamoo shangazi. Naomba turudie. Simu naiacha nyumbani."

"Marahaba. Turudie tumbebe nani? Huyu keshazoea hapa."

Nikavua viatu nikae naye japo kidogo. Akauvuta mkeka upande wake, taratibu, bila hata hasira, miguu yangu ikabaki vumbini.

"Hapa tunatosha wawili," akasema.