Sauti ya Nyanya Kwenye Santuri ya Sinema

Juzi msichana mmoja wa chuo alinijia hapa mtaani Silanga, ninapouzia makaa, na santuri kuukuu aliyoipata Soko la Toi. Anaandika historia ya kampuni moja ya sinema ya zamani iliyokuwa ikitoa santuri zake yenyewe. Nikaiona ile karatasi ya katikati, nikashikwa na hasira mpaka nikakalia gunia. Maana sauti iliyo humo, rafiki yangu, ni ya nyanya yangu, na jina lililoandikwa ni la mwingine.

Wacha nikueleze. Shule niliachia darasa la pili, lakini macho nilikuwa nayo. Tulikaa Kawangware, wakati huo ni mashamba na ng'ombe, na maziwa unayapokea yakiwa bado na povu, si haya ya pakiti yenye ladha kama... ah, hayo tuyaache. Kampuni ilikuja kupiga sinema. Mwigizaji wao alikuwa mrembo, lakini kuimba? Afadhali mbuzi. Ndio wakamsikia nyanya akiimba nyuma ya nyumba, wakamchukua aimbe badala yake.

Kwenye chumba chao cha kunasia sauti, kuta zimefunikwa mablanketi, nyanya hakutoa sauti. Si aibu. Hakuwa amewahi kuimba mikono ikiwa bure. Kwetu wimbo ulikwenda na kazi. Wakambembeleza mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikatumwa nyumbani mbio nilete uteo na maharagwe. Akapepeta, akaimba, na mashine ikabeba vyote viwili.

Sinema yenyewe haikufika mbali. Watu waliutaka ule wimbo kuliko picha, ndio kampuni ikaingia biashara ya santuri. Hivyo ndivyo ilivyoanza, hata kama simu ya huyo msichana inasema vingine. Na juu ya jalada wakaweka nani? Mrembo yule yule, meno yote nje.

Mwenye duka jirani yetu alikuwa na gramafoni. Jumapili moja tukitoka kanisani, harufu ya mandazi imejaa njia nzima, nyanya akasimama mlangoni kwake kusikiliza ule wimbo. Wateja walikuwa wakimsifu mrembo, wakamsifu na mpiga kayamba.

Nyanya akasema polepole, "Hiyo si kayamba. Ni maharagwe yangu."

Walicheka wakashika mbavu. Mwenye duka akamwambia, "Basi mama, sinema ijayo lete na mahindi, tupate githeri." Nami, nilivyokuwa mjinga, nikaona haya, nikamvuta leso twende. Mimi niliyebeba ule uteo! Neno moja langu lingetosha.

Kampuni ilifungwa, jumba lake likageuka ghala la mitumba, na waliokuwa ndani ya kile chumba sijui kama kuna aliyebaki. Yote haya nilimwambia msichana, kwa ukali kana kwamba ni yeye aliyekosa. Watu gani hao, nikamuuliza, wanaochukua sauti ya mtu wasiandike hata jina lake?

Akafungua daftari, akaniita bibi kwa lugha yao ya vijana. "Sawa shosh. Aliitwa nani? Niliandike sasa."

Nikaigeuza ile santuri mikononi. Sisi tulimwita nyanya. Majirani walimwita mama wa fulani, kwa jina la baba yangu, basi. Msalaba wake ulikuwa wa mbao, mchwa waliumaliza zamani, na kila mtu ambaye ningemuuliza yuko chini ya udongo huo huo.

Nikamwambia angoje kidogo, nikumbuke. Bado anangoja.