Bata wa Mama Mado

Tangu Josée ashuke kwenye lori lililomleta Kolwezi kutoka Musumba, Mado hakupata amani. Wifi huyu aliitwa na kaka yake, Muteba, aje kumsaidia kumtunza mkewe. Mado alikuwa mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, na sasa kidole chake cha mguu kilikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Daktari alisema wazi: sukari isiposhuka, kidole kinakatwa.

Basi Josée akajitwalia jiko. Mado alipikiwa peke yake, katika sufuria ndogo yenye kifuniko: bukari, yaani ugali, kidogo, majani ya sombe tele, chumvi ya kusingizia. Nyumbani kwao Mado, anayekuandalia chakula hukionja kwanza mbele ya macho yako, hata awe mama mzazi. Josée hakuonja hata siku moja. Aliweka sahani, akarudi nyuma, akasimama kumtazama mgonjwa. Nani humtazama mtu hivyo kama hana lake jambo?

"Ule mwanamuke anataka mi nikufe," Mado alimwambia jirani yake Glodie, muuza mandazi, "aletee kaka yake bibi wa kwabo."

Glodie, ambaye hakuwahi kuzima moto wa umbea, hakupinga.

Basi Mado akawa anamwambia Josée atakula baadaye. Josée akitoka tu, sahani inaenda kwa bata aliyefugwa nyuma ya nyumba. Kisha Mado anakaa kumchunguza yule ndege. Leo atapinduka, kesho atapinduka! Bata akanenepa, manyoya yakang'aa. Mado hakuridhika, huenda ni sumu ya watu tu, alijiambia, bata haimwezi. Njaa yake aliitibu kwa Glodie, kwa mandazi ya moto na chai tamu, maana katika beseni lake mtaa mzima unakula, na hakuna anayeroga mtaa mzima.

Sukari ikapanda, na Mado akapata ushahidi wake.

"Unaona?" alimwambia Muteba. "Tangu alifika, mi naharibika."

Muteba akainama. Dada ni dada, mke ni mke. Haukupita muda mrefu, kidonda kikaoza, na kidole kikakatwa.

Kesho yake Josée aliingia hospitalini na sufuria ileile. Mado akageukia ukuta.

"Yaya," Josée alisema polepole, akimwita kama dada mkubwa, "mi nilionaka bata. Nilijua chakula inaenda wapi. Nilisikia haya kukuuliza."

"Sasa juu ya nini haukuonjaka?"

"Kwetu, mutu haonjake chakula ya mugonjwa. Ukionja, unamukulia nguvu yake. Niliogopa kukumaliza."

Mado aliyakumbuka mandazi ya Glodie, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Siku zote hizo alikuwa amemwangalia bata kwa makini kuliko alivyowahi kumwangalia wifi yake.

Josée alifunua sufuria mbele ya wagonjwa wote. Akamega bukari, akachovya kwenye sombe, akaitia mdomoni mwake mwenyewe huku machozi yakimtoka, akameza kwa shida. Kisha akamsogezea Mado sufuria.

"Kula sasa, yaya," alisema. "Na Mungu anisamehe."