Mwanzi wa Bibi Utando

Kiwandani walimwita Bibi Utando, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kiwanda cha nyuzi hujaa vumbi la pamba. Buibui wakijenga kwenye maboriti, vumbi linanasa humo, utando unakuwa mzito na kuning'inia kama matambara. Ukidondokea mashine, uzi wa siku nzima umeharibika.

Zamani walikodi jukwaa la chuma na watu wanne wa kuutoa. Yeye, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo, aliunga mianzi miwili kwa kamba, akafunga gunia kuukuu kwenye ncha, akalilowesha na kulikamua. Likiwa kavu linatimua vumbi. Likichuruzika linapaka tope. Anagusa boriti, anazungusha mwanzi taratibu, utando unajiviringisha wenyewe. Mdogo wake hufunika mashine kwa maturubai na kusuuza gunia. Huyo alikuwa kibarua mwaka wa tatu, mjane mwenye watoto wawili, na dada yake alitaka jambo moja tu: meneja aone kazi yao, ampe mdogo wake ajira ya kudumu.

Siku ya kumwonyesha meneja, mbwembwe zikampanda. Akamwambia mdogo wake akae pembeni, akafanya ukumbi mzima mwenyewe, maturubai kwa gunia. Mtaka sifa hana macho.

Kesho yake meneja akamwita ofisini.

"Mama, umetuokoa. Ila nimeona mwenyewe, mtu mmoja anatosha. Wawili wa nini? Sasa niambie, abaki nani?"

Alikuwa na maneno matatu tu ya kusema: abaki mdogo wangu. Ulimi ule usiokuwa na breki ukagoma. Aliwaza umri wake, akajiuliza nani atamwajiri tena na magoti yake mabovu.

"Mimi ndiye ninayeijua kazi," akasema. Aliona aibu, na alisema hivyo hivyo.

Alimkuta mdogo wake uani, barua ya kuachishwa imekunjwa kwenye mfuko wa aproni, bado anasuuza gunia. Mdogo wake alilikamua mpaka tone la mwisho, akalitundika kwenye kamba.

"Dada, usijilaumu. Najua ulinitetea mpaka ukachoka."

Bibi Utando aliangalia chini.

"Nilijaribu, mdogo wangu," akajibu.