Suti Nyeusi Siku ya Jumatano

Sikuwa na mpango wa kwenda shuleni kwa mwanangu Brian kabla ya siku ya wazazi. Lakini wiki hiyo ziwa lilifurika likatutoa mtaani kwetu Kihoto, na Ijumaa mtoto alikuwa anaanza likizo fupi ya katikati ya muhula. Angeteremka stendi ya Naivasha, aende moja kwa moja hadi nyumba tuliyomlelea, akute maji. Shule yao ni ya mapadre, ya wavulana pekee, na simu za mkononi ni marufuku. Ningeweza kupiga simu ofisini, lakini nilitaka aisikie habari hiyo kutoka kwangu. Amezaliwa katika nyumba ile.

Watu hudhani mafuriko huja na kishindo. Ya kwetu yaliingia sebuleni polepole, bila sauti, mpaka asubuhi moja nikaona visamaki vinapita chini ya meza ya televisheni. Tulihamia chumba kimoja mtaa wa Karagita. Nguo zote zilikuwa zimelowa au zinanuka tope, isipokuwa suti yangu nyeusi, iliyokuwa imening'inia juu kabisa ukutani ndani ya kifuniko chake cha nailoni. Basi nikavaa hiyo.

Jumatano saa mbili asubuhi nilitoka Karagita na gari la shemeji. Mke wangu, Wanjiru, alinicheka akasema nimependeza kama bwana harusi aliyechelewa. Aliniambia pia kwamba angerudi Kihoto kutoa sufuria kubwa iliyobaki jikoni. Nikamwambia aache, anisubiri, kwa sababu viboko walikuwa wameanza kupita kati ya nyumba. Akasema sawa, kwa ile sauti yake ya kusema sawa na kufanya atakalo. Njiani nilipitia kazini, kwenye shamba la maua, nikapewa fungu la waridi nyeupe ambazo mashina yake yalikuwa mafupi mno kwa soko. Sikutaka kwenda kwa mapadre mikono mitupu.

Gilgil nilikuta ukungu. Nakuru jua lilikuwa limetoka, nikaupita mji na kupanda njia ya Bahati, iliko shule. Nilikuwa na furaha kidogo, lazima nikiri. Si kila siku mtu wa kunyunyizia dawa maua huendesha gari akiwa amevaa suti.

Saa nne kamili nilifika getini. Bawabu, mzee mmoja aliyenizoea kwa siku za wazazi, alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye maua. Akavua kofia. "Pole sana, Baba Brian," akasema, na hakunipa hata kitabu cha wageni nitie sahihi. Nikamshukuru. Nikadhani habari za ziwa zimefika hadi huku.

Kutoka getini hadi ofisini kuna njia ndefu inayopita kando ya uwanja. Yalikuwa mapumziko ya chai, na wavulana walikuwa wamejaa kila mahali na vikombe vyao, wakipiga kelele zile za vijana mia kadhaa. Nilipotokea, kelele ikakatika. Ilianza na waliokuwa karibu, ikaenea hadi goli la mbali, mpaka nikasikia changarawe chini ya viatu vyangu. Waliokuwa wameketi wakasimama. Hakuna aliyekunywa, hakuna aliyesogea, na wote walikuwa wananitazama usoni, wakiuchunguza kama watu wanaotafuta majina yao kwenye orodha.

Niliwasalimu. Hawakuitika. Mmoja wao, mrefu, alinikazia macho, kisha akashusha pumzi na kugeuka kumnong'onezea mwenzake. Huyo akakimbia kuelekea mabwenini. Nyuma yangu nikasikia vikombe vinaanza kugongana tena na watu wanaongea, kwa sauti za chini. Nikajiambia kwamba hiyo ndiyo nidhamu ya mapadre. Lakini nilitembea haraka kuliko nilivyotaka.

Ofisini karani aliningojesha chumba cha wageni karibu nusu saa, na nilipotoka Brian alikuwa ameshaletwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini kati ya wavulana wawili waliomshika mabega. Sanduku lake lilikuwa limefungwa, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Alikuwa amevaa sweta safi ambayo si yake, mikono ilimpita vidole. Hakulia. Aliyatazama maua niliyoshika, akauliza, "Ni mathe?"

Nikamuuliza mama yake amefanya nini. Naibu wa mwalimu mkuu, padre mmoja mwembamba, alitoka ofisini kwake, akaniona, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ikabidi nieleze yote palepale: ziwa, Karagita, suti, waridi zisizouzika. Padre alisikiliza, kisha akaketi kwenye benchi kama mtu aliyechoka.

Alinieleza taratibu. Katika shule ile mzazi haji siku ya kazi. Ada hulipwa benki, mgonjwa hupelekwa hospitali na shule yenyewe, na mambo mengine yote husubiri siku ya wazazi. Anayekuja katikati ya wiki huja kwa jambo moja tu. Wavulana walijitungia desturi yao, na mapadre wakaiacha. Akiingia mgeni wa siku ya kazi, wote husimama mpaka ijulikane ni wa nani. Wenye kitanda jirani humfungashia, na mmoja humpa sweta yake nzuri kuliko zote, ili asifike kwenye matanga akiwa amevaa ovyo. Muhula ule wageni wa aina hiyo walikuwa wamekuja mara tatu.

Nikapiga magoti mbele ya mwanangu. "Mama yako yuko nyumbani," nikamwambia. "Yuko sawa kabisa."

"Hivyo ndivyo walimwambia Kiptoo wa bweni letu babake alipokufa," akasema Brian. "Walimwambia buda yake ako sawa, anataka tu kumwona. Alijua ukweli walipofika kwao akapata hema zimesimamishwa."

Nilitoa simu nimpigie Wanjiru. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena, Brian akiwa ameegemeza sikio lake karibu na langu. Huko Karagita chumba chetu kilikuwa hakina umeme bado, na namba za majirani wapya sikuwa nazo. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo uso wake ulivyozidi kujikunja. Padre aliona hilo. Akaandika ruhusa, akasema nimpeleke akamwone mama yake kwa macho, nimrudishe kesho.

Saa tano na nusu tuliondoka Bahati. Brian alikaa nyuma na sanduku lake, ingawa kiti cha mbele kilikuwa wazi. Hakutaka soda, hakutaka kitu. Tulipofika Gilgil aliuliza mama alikuwa amevaa nini asubuhi. Nikamwambia sketi ya bluu. Kisha akauliza ni nini cha mwisho alichosema. Hapo nikakumbuka sufuria, na nikakaa kimya muda mrefu kuliko inavyofaa. Kwenye kioo niliona macho yake yamenitulia kisogoni.

Kuanzia hapo niliogopa kweli. Nilikuwa nimetoka nyumbani sina msiba, na sasa nilikuwa nimevaa mavazi ya msiba, nimembeba mtoto anayeomboleza, na simu ya mke wangu inaniambia hapatikani. Ni kama watoto wale walikuwa wameona jambo kabla yangu.

Saa saba kasoro tulifika Naivasha na sikwenda Karagita. Nilikata kona ya Kihoto. Maji yalikuwa yametulia barabarani, yameakisi mabati, na hakukuwa na mtu. Mlango wetu ulikuwa wazi. Asubuhi ya kuhama niliufunga kwa mkono wangu. Kwenye jiwe lililobaki kavu kando ya nyumba kulikuwa na patipati za Wanjiru, zile ndala zake za mpira, zimepangwa vizuri, moja kando ya nyingine.

Niliita jina lake. Nikaingia majini na suti hadi kiunoni, nikipapasa chini kwa miguu, Brian akiwa nyuma yangu anaita mama kwa sauti ya utotoni ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka. Jikoni sufuria haikuwepo. Hakukuwa na kitu kingine.

Sikumbuki nilivyoendesha hadi Karagita. Alikuwa ameketi nje ya chumba, miguu mitupu imejaa tope, anasugua sufuria kwa mchanga. Alituona: mimi nimelowa, kijana ana sanduku, nyuso zetu. Sufuria ikamtoka mikononi. "Ni nani amekufa?" akauliza.

Brian alimwangukia pale chini, na hapo ndipo alipolia. Patipati alikuwa amezisahau tu. Kiboko alikohoa karibu, naye Wanjiru akakimbia na sufuria yake, mlango akauacha wazi. Nilitaka kumgombeza, nikaishia kuokota sufuria.

Jioni hiyo Wanjiru aliifua ile sweta ya kuazima, na alfajiri akaipiga pasi ya makaa.

Alhamisi saa nne nilimrudisha, nikiwa nimevaa ovaroli ya kazini ili nisimtishe mtu. Wavulana walimpokea kwa makofi na makonde ya mgongoni. Padre na mimi tulicheka. Nilijiona mtu aliyeponea chupuchupu, na nikaapa sitakanyaga shule ile siku ya kazi tena, hata ziwa limeze Naivasha nzima.

Nilikuwa naelekea kwenye gari wakati mama mmoja alipoingia getini, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Bawabu akavua kofia. Kelele ikakatika mpaka goli la mbali.

Nilimtafuta Brian kwa macho. Alikuwa amesimama na wenzake, na usoni alikuwa na raha ambayo sijawahi kuiona kwake. Si wangu, uso huo ulisema, wangu yuko hai. Niliona aibu, kwa sababu mimi pia nilikuwa nahisi hivyo hivyo. Kisha akautazama mkono wa ile sweta iliyompita vidole. Akaivua, akaikunja vizuri kama mama yake alivyoikunja, akasimama nayo mkononi kusubiri ijulikane sasa ni zamu ya nani kuivaa.