Gumba la Kushoto

Sifa ziende kwanza kwa Mungu Baba, kabla sijaandika neno langu hata moja. Alinipa mikono miwili, kisha akaniachia mkono na nusu, na ninamshukuru kwa yote mawili. Nimemshukuru kwa miaka mingi. Lakini leo naandika kwa hasira. Yeye anaijua, kwa hiyo sina sababu ya kuwaficha ninyi.

Jumapili iliyopita alisimama ndugu mmoja kanisani, akashuhudia jinsi alivyopona kifua. Tuliimba, akina mama wakapiga vigelegele. Jumatatu nilimwona sokoni Kariakoo akimpimia mama mmoja maharagwe, na gumba lake lilikuwa ndani ya kibaba. Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu, kwa sababu mtu yule nilikuwa mimi. Nami niliwahi kusimama mahali pale pale nikashuhudia kupona kwangu, na ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Huu ninaouandika sasa ndio wa kweli.

Mimi ni Mnyamwezi wa upande wa Tabora. Nilifika Dar es Salaam wakati wa vita, nikiwa mpagazi wa Waingereza, nikalala na wenzangu katika kambi ile ile ya wapagazi, ambayo jina lake la Kiingereza ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo. Vita vilipokwisha na mahali pale pakawa soko, sikurudi kwetu. Nilibatizwa, nikaitwa Simeoni. Nikamwoa Raheli, nikapata nafasi ya kuuza mchele chini ya paa la soko. Nilikuwa na nguvu. Gunia nililibeba peke yangu kutoka kwenye mkokoteni hadi mezani, wala sikuwahi kulala siku moja kwa ugonjwa.

Mchele tuliuza kwa kibaba, kikombe cha mti ambacho ujazo wake humtosha mtu kwa siku. Mnunuzi hakukubali kibaba cha mfuto, kile kinachosawazishwa mdomoni. Alitaka kibaba cha tele, mchele upande juu kama kilima. Nami niliwapa kilima. Ila nilikishika kibaba kwa vidole vinne nje na gumba ndani, nikachota hivyo hivyo. Mikono yangu ni mikubwa. Juu watu waliona kilima, na chini palikuwa na shimo la ukubwa wa gumba langu.

Ufundi huo sikuubuni. Niliuona safarini vitani, kwa mtu aliyekuwa akitupimia posho. Nililala na njaa kwa sababu ya gumba lake, nikamlaani kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili. Kisha nikapata kibaba changu mwenyewe, nikafanya kama yeye. Na kila Jumapili nilikaa benchi la mbele.

Katika nyumba tuliyopanga, karibu na Msimbazi, chumba cha pili alikaa Bi Tatu, mjane wa Kizaramo, muuza vitumbua. Mchele wake alinunua kwangu. Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, hata msibani kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Bi Tatu aliliona gumba langu tangu siku ya kwanza. Hakunishtaki kwa mtu. Alinipa jina tu.

Alikuwa akifika mezani anasema, "Bwana Gumba, hujambo? Na huyo wa ndani, hajambo?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa meno. Gumba halikutoka.

Ugonjwa ulianza na kibaba chenyewe. Kilikuwa cha zamani, kimepasuka kwa ndani. Siku moja nilipokuwa nachota, kibanzi kilinichoma chini ya ukucha wa gumba la kulia. Nilikitoa kwa meno nikaendelea kuuza. Siku ya tatu kidole kilivimba na kuanza kupwita, kila pigo la moyo likifika ukuchani. Watu walisema ni mdudu wa kidole. Jirani mmoja alinishauri nitoboe ndimu, nikitumbukize kidole humo. Nilitembea na ndimu kidoleni siku nne. Mwingine akanifungia majani ya mbarika yaliyopashwa moto. Usaha ulikuwa umejificha ndani na hautoki. Ngozi iling'aa, kisha ikawa nyeusi. Mtoki ukaota kwapani, nikashindwa kushusha mkono. Homa ikanishika. Kidole kikaanza kunuka, na Raheli akawa anageuza uso akinifunga kitambaa.

Sikutaka hospitali. Nilisema nikienda, nani atauza? Raheli alinijibu, "Nitauza mimi. Wewe utauza kwa mkono upi?"

Alinipeleka yeye, nikiwa nimemwegemea njia nzima. Daktari alikuwa Mhindi, mtu wa maneno machache, anayekijua Kiswahili vizuri. Aliunusa mkono kabla hajaugusa.

"Leo nikikata, nakata hapa," alisema, akaonyesha mzizi wa gumba. "Ukingoja hadi kesho kutwa, nakata hapa." Akaonyesha chini ya kiwiko. "Ukingoja zaidi, hatukati tena."

Nilimwambia akate kidogo, ncha tu. Akasema hapimi nyama. Nilimchukia. Raheli ndiye aliyemwambia akate.

Nilipoamka kutoka katika dawa ya usingizi nilitafuta gumba langu kwa mkono wa pili, nikakuta kitambaa. Nataka niseme ukweli wa siku zile, maana katika ushuhuda wa kwanza niliuruka. Sikuomba wala sikushukuru. Nililala nimeelekea ukutani nikimkasirikia Mungu. Mwalimu wetu wa dini alikuja akaketi, akasema huenda Bwana ana jambo anataka kunifundisha.

"Mwambie anifundishe kwa maneno," nilisema. "Mbona wengine anawafundisha kwa maneno?"

Mwalimu akajibu, "Maneno umeyasikia, Simeoni. Umeketi benchi la mbele."

Nikamfukuza.

Tena nikasikia habari za sokoni. Raheli alikuwa anauza vibaba vya tele, vidole vyote nje, na juu yake anaongeza konzi, mkono mmoja uliojaa mchele. Wateja walijaa mezani kama kwenye sherehe. Alipokuja kunitazama nilimgombeza mpaka jeraha likatoka damu. Nilimwambia ananimaliza. Akasema, "Ninauza kibaba, baba. Wewe ulikuwa unauza nini?"

Siku ya nne baada ya kukatwa alikuja Bi Tatu na uji. Alikuwa ameuleta ndani ya kibaba changu, kile kile kilichopasuka, kwa maana alimwomba Raheli ampe. Alikishika mdomoni kama nilivyokuwa nakishika mimi, gumba lake limezama ndani ya uji.

"Kunywa, Mnyamwezi," alisema. "Ni cha tele."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Nilikipiga kile kibaba kwa mkono wa kushoto, uji ukamwagika sakafuni na kwenye kanga yake. Nikamwita jina ambalo siwezi kuliandika. Hapo nilikuwa nimevunja utani. Kwetu ni aibu kubwa kuliko kuvunja sahani ya mwenye nyumba.

Bi Tatu alijifuta kanga yake taratibu. "Ugonjwa ndio umekasirika," alisema. "Mtani wangu hakasiriki. Kesho nitaleta mwingine."

Na kesho yake alileta, katika bakuli lililojaa hadi mdomoni, gumba likiwa nje. Aliniletea hivyo kila siku nilipokuwa pale. Baadaye sana ndipo Raheli aliponiambia mchele ule ulitoka wapi. Ulikuwa mchele wa vitumbua vyake. Mjane yule alikaanga vichache ili mimi ninywe uji. Ninyi wa kanisani mlinitembelea mara moja, mkaimba, mkaenda zenu. Yeye si wa dini yetu, na ndiye aliyenilisha. Nalisema hili kwa uchungu, na wanaohusika wananisoma.

Jeraha lilifunga. Homa ikaondoka, mtoki ukayeyuka, nikaanza kula ugali. Siku daktari aliponiruhusu aliushika mkono wangu, akavikunja vidole vinne vilivyobaki, akasema, "Huu mkono ni mzima. Utumie." Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani, nikainua mkono huo juu. Nikasema Bwana ameondoa gumba la wizi na kunipa moyo mpya. Wengine walilia. Nilishuka pale nikiwa na kiburi zaidi kuliko nilivyopanda.

Jumatatu nilirudi sokoni. Mkono wa kulia haukuweza tena kushika kibaba, kwa hiyo nilijifunza kuchota kwa wa kushoto. Jumatatu na Jumanne mchele ulimwagika, maana mkono ulikuwa mgeni wa kazi. Jumatano ulizoea. Alhamisi nilitazama chini, nikaona gumba la kushoto limo ndani ya kibaba.

Sikuliweka kwa kukusudia. Nisomeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo penye ushuhuda wangu. Liliingia lenyewe, kama mtoto anavyoingia chumba cha mama yake. Na nilipoliona, sikulitoa. Nilijiambia ni kwa sababu mkono bado dhaifu. Mezani alikuwa amesimama Bi Tatu.

Naye aliliona. Nilingoja tusi. Nilikuwa tayari kwa jina jipya, nilikuwa tayari hata watu wacheke. Bi Tatu alifungua kikapu chake, akapokea mchele, akakifunga.

"Ahsante, bwana," alisema. Akaenda.

Ahsante, bwana. Alisema hivyo kama anavyomwambia mtu baki. Mtani akikuheshimu, ujue amekuzika. Kidole kilipokatwa sikusikia maumivu kama yale.

Nilifunga meza kabla ya wakati. Nyumbani nilimgombeza Raheli kwa jambo ambalo halikuwapo, na yeye akaendelea kuosha sufuria. Habari za mezani zilikwisha kumfika, na nilipomaliza kelele aliniuliza kitu kimoja tu. "Daktari akate na hilo la pili?"

Nilitoka nikaenda kanisani. Hapakuwa na mtu. Nilipiga magoti, na ninawaambia sikupata machozi wala amani. Nilipata hasira, na safari hii ilikuwa yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe. Nilimwambia Mungu: ulichukua kidole ukaniachia mtu yule yule. Nikakaa pale muda mrefu. Mwishoni nilielewa kwamba Yeye hakunikata gumba. Kibanzi ndicho kilichonichoma, kwa sababu gumba lilikuwa mahali lisipopaswa kuwa. Na moyo wangu hakuna daktari atakayeukata, wala Mungu hataki ukatwe. Anataka niufungue mwenyewe, kila asubuhi, mbele ya watu.

Kesho yake mteja wa kwanza alipofika, nilimpa kibaba mkononi. "Pima mwenyewe," nikamwambia.

Soko zima lilisikia. Wengine walinionea. Mwanamume mmoja alishindilia mchele kwa ngumi, akakitikisa kibaba, akarundika tena mpaka ukamwagika kwenye viatu vyake. Nilitamani kumpiga. Nilishika ukingo wa meza kwa vidole vyangu tisa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutoa, ndugu zangu, nikiwa nimeuma meno. Msidhani furaha hutangulia.

Bi Tatu hakuja siku ile, wala siku zilizofuata. Alinunua kwingine. Chumba kwa chumba tulipishana ukumbini, akasema, "Hujambo, bwana," nikasema, "Sijambo," yakaisha.

Kisha asubuhi moja alifika mezani na kikapu. Nadhani Raheli alimwambia, ila hakuna aliyewahi kukiri. Nilimpa kibaba. Alikigeuza, akachungulia ndani, akanitazama. Halafu akatumbukiza gumba lake lote mpaka mzizini, akachota, akarundika kilima kizuri juu, akaninyanyulia nione.

"Ndivyo hivi, Mnyamwezi?"

"Litoe hilo gumba, Bi Tatu. Unajipunja mwenyewe."

"Silitoi. La kwako limekufa, hili langu limerithi kazi."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kibanzi kile. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye gunia, na yeye akajimwagia kibaba chake kilichopunjwa kikapuni, akaenda zake Msimbazi akiimba.

Mchele ambao gumba lake liliukosesha nafasi kibabani ulibaki kwangu. Niliukadiria, nikauchota katika kiganja. Haukuzidi kijiko. Nikaiacha meza wazi, bila mlinzi, nikamfuata mbio barabarani nimefumba kiganja, watu wakidhani namfukuza mwizi. Nilimkuta nyumbani, amekwisha washa moto na kuanza kukaanga. Niliumimina ndani ya kikapu chake.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Ni chako."

"Kidogo hivi, umekimbia njia yote?"

Nikamwambia ndicho cha kwanza nilichowahi kutoa. Alinipa kitumbua cha moto, kikaniunguza vidole.

Nawashauri mambo haya. Kidole kikivimba na kupwita, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ndimu haitoi usaha wa ndani. Na wewe ndugu wa Jumapili, mwenye maharagwe: nimekuona. Sitakutaja. Lakini usiseme tena mbele za Mungu kile ulichopokea, mpaka Jumatatu tuone mkono wako.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akujaze tele, akuongezee konzi juu. Akupe na mtani mkweli, na auongoze mkono wako ujifunze kufunguka ukingali na vidole vyote kumi.